Siku Bonde Liliponyamaza

Kamba yenyewe ilikuwa ya ng'ombe. Ng'ombe aliuzwa zamani, mumewe Kingori alipoondoka kwenda kufanya kazi ya mjengo Kerugoya, na kamba ikabaki kwenye msumari nyuma ya jiko bila kazi. Wakonyo hakuwahi kuwaza kwamba siku moja angeifunga kiunoni mwa mtoto wake mwenyewe. Lakini aliifunga. Kila asubuhi kabla ya kuingia kwenye shamba la kahawa aliizungusha juu ya sweta la Munene, upande wa pili akaukaza kwenye nguzo ya ghala, na akirudi aliifungua huku akitupa macho barabarani kama mwizi. Kamba ilimfikisha mtoto kivulini, ikamfikisha kwenye kopo la maji na kwenye rundo la udongo alilopenda kulichezea. Haikumfikisha mtoni. Kwa Wakonyo hiyo ndiyo iliyokuwa sifa yake kubwa.

Munene alikuwa na miaka saba, sura nzuri ya kuwafanya akina mama wasimame njiani, na alikuwa hajawahi kutamka neno. Miguu yake haikujua kutulia. Ungempa mgongo uchochee moto, ukigeuka hayupo. Wakonyo alishamtoa kwenye kahawa ya watu, akamtoa kwenye banda la nguruwe la mzee Kihara, na mara moja, siku ambayo hakupenda kuikumbuka, alimtoa katikati ya lile gogo la mkaratusi ambalo watu wa upande huu wa kijiji cha Gakindu hulitumia kuvuka mto kwenda ng'ambo. Mtoto alikuwa amesimama pale akitazama maji yanavyopita chini ya miguu yake, ametulia tuli. Siku hiyohiyo kamba ilitoka msumarini.

Hakumwambia mtu. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba hakuna aliyejua, naye aliishi kwenye mteremko ambao kila shamba linachungulia uwanja wa shamba jingine, na ambapo ukinunua sufuria mpya jirani wa ng'ambo anakuuliza bei kabla hujaipikia. Basi aliamini hivyo hivyo. Mtu mwenye hofu huamini anachokihitaji.

Halafu wakaja watu wema, na hofu ikawa mbili.

Walikuwa wataalamu wa tiba, vijana wanaofanya kazi kwenye hospitali za Nyeri na Meru, na walikuwa wamejitolea kuja Gakindu mara kwa mara kuwahudumia watoto wenye ulemavu kwenye ukumbi wa kanisa, bila kudai hata chai. Mchungaji alitangaza ibadani, akaongeza kwa sauti ya kukaripia kwamba watu waache kuwaficha watoto. Wakonyo akainamia Biblia yake. Angekaa nyumbani siku hiyo ya tiba, lakini Watiri, jirani yake wa karibu, mwanamke asiyejua kukataliwa, alimjia asubuhi akamshika mkono.

"Twende. Hata kama hawatasaidia, si tutatembea tu?"

Ukumbini Munene aliharibu mambo kabla hajaonwa. Mchungaji alishika maiki awakaribishe wageni, maiki ikapiga ule mlio wake wa kuchana masikio, na mtoto akaziba masikio kwa mikono yote miwili, akatoka mbio na kujificha chini kabisa ya meza, ukutani. Wakonyo akainama amvute. Akamwita, akampigia kelele, akamshika mguu. Kila alivyomwita ndivyo mtoto alivyozidi kujibana ukutani.

"Mama, ngoja kidogo," sauti moja ikasema.

Alikuwa msichana mwembamba mwenye miwani, mtu wa Meru, jina lake Gakii. Mwenzake Kim, kijana wa miguu mirefu na maneno mengi, alikuwa wa kunyoosha viungo. Huyu Gakii kazi yake ilikuwa kuwafundisha watoto kama Munene namna ya kuishi na mikono yao, masikio yao na watu waliowazunguka. Kwanza alikwenda akazima maiki, mchungaji akiwa bado ameishika. Halafu akaomba karai jikoni, akamwaga maharagwe ndani yake, akaketi sakafuni karibu na meza, akimpa Munene mgongo. Akachota maharagwe kwa kikombe akayamimina taratibu. Akachota tena, akamimina. Hakuita wala hakugeuka. Watu walitazamana. Baada ya muda mkono mdogo ukatokea chini ya meza, ukafuatwa na kichwa, na Munene akaja mwenyewe akazamisha mikono kwenye maharagwe mpaka viwikoni, akatulia kama alivyotulia siku ile kwenye gogo.

Wakonyo alipaswa kufurahi. Badala yake alikasirika, kwa sababu kuona mgeni akikiweza kile unachoshindwa nacho kunauma.

"Nimembeba kilima yote hiyo ndio acheze na maharagwe? Hata nyumbani tuko nayo."

Gakii akacheka kwa upole, akainua sweta la mtoto kidogo aone jinsi mgongo unavyokaa. Hapo vidole vyake vikasimama. Kiunoni mwa Munene kulikuwa na alama, mstari uliokoza kuliko ngozi, umezunguka pande zote. Wakonyo aliuona ukitazamwa. Gakii alishusha sweta polepole, akafuta miwani yake, na alipozungumza sauti yake ilikuwa ileile.

"Mama Munene, ningependa nikuje nione mahali anaishi. Jumamosi uko?"

Akasema yuko. Angesema nini? Maneno mengine yote yaliyosemwa siku hiyo hakuyasikia.

Wiki hiyo Wakonyo hakulala usingizi wa maana. Alikuwa amesikia kwenye redio juu ya mwanamke mmoja, wa upande wa Kangema nadhani, aliyekutwa na mtoto kwenye mnyororo. Ofisi ya watoto ilikuja na gari, mtoto akapelekwa kwenye makao, mama akapelekwa ndani. Alijiambia kwamba kamba si mnyororo. Kisha alijiuliza kama afisa angeona tofauti. Alimwona Munene kwenye chumba kirefu chenye vitanda vingi na kelele nyingi, ameziba masikio, akimtafuta kwa macho na hana neno la kumwitia. Picha hiyo ilimjia akichuma kahawa, ikamjia akikatakata mboga, mpaka akawa anasimama katikati ya mistari ya mibuni akisahau kuchuma. Alimpigia Kingori simu, lakini alipopokea alimwambia tu kwamba mvua ni nyingi.

Na kweli mvua ilikuwa nyingi. Jumamosi ilipambazuka mawingu yakiwa yameziba mlima, na mto kule bondeni ulikuwa umejaa maji ya matope, yale maji mazito yanayopita kimyakimya yakibeba vijiti na magugu. Wakonyo alikuwa ameanika maharagwe kwenye karai mlangoni ili kama jua litachomoza liyakute tayari. Munene alikuwa kwenye kamba yake. Mpango ulikuwa kumfungua mapema, amwoshe, wamkute safi na huru kama watoto wa watu. Lakini wageni hawakuja saa waliyosema. Walikuja mapema zaidi. Alisikia gari likinguruma huko juu barabarani, likazimwa, milango ikagongwa.

Akapiga magoti matopeni akaanza kuhangaika na fundo, na fundo lililolowa maji halina huruma. Akalifungua kwa meno. Akamvua mtoto sweta lililokunjika kiunoni, akamvalisha shati la kanisani, akamsimamisha mlangoni na kumshika mabega.

"Kaa hapa. Kaa, Munene. Usitoke."

Akaingia ghalani na kamba. Kwanza aliiweka nyuma ya magunia, akaona inaonekana. Akaisukuma chini ya gunia la mkaa, ncha ikabaki nje. Akaisukuma tena. Yote hayo ni kitu cha muda mfupi sana, mfupi kuliko kuosha kikombe. Alipotoka mlango ulikuwa na karai la maharagwe, uwanja ulikuwa na kuku, na Munene hakuwepo.

Alizunguka nyumba mbio. Akaangalia chooni, akaangalia kwenye banda la Kihara, akachungulia barabarani, akarudi. Hapakuwa na kitu. Hapo ndipo alipofanya kile ambacho mama yake angefanya, na nyanya yake, na mwanamke yeyote wa vilima hivyo. Alisimama pembeni mwa uwanja, akaelekea bondeni, akapiga nduru.

Nduru ya huku haipigwi bure, na ikipigwa haibaki ya mtu mmoja. Ukiisikia unaacha jembe pale pale, unaipokea kwa sauti yako, unaipeleka mbele, halafu unakuja mbio. Hata mliyekosana naye anakuja. Watiri aliipokea kutoka kwake, mwanamke mwingine chini kidogo akaipokea, ikavuka mto, na wa ng'ambo wakaijibu, mpaka vilima vyote viwili vikawa vinalia. Mtu akaanza kugonga debe. Kengele ya kanisa ikafuata. Mzee Kihara, mwenyekiti wa Nyumba Kumi, kile kikundi cha usalama wa kijiji, alitokea na gambuti zake za mpira na ile filimbi aliyopenda kuliko mali yake yote, akiipuliza kila hatua. Katika hofu yake Wakonyo alihisi nafuu kidogo kuwasikia. Aliona kwamba hayuko peke yake.

Gakii na Kim waliteremka kutoka barabarani wakiwa na matope mpaka magotini, na walifika uwanjani wakati uleule Kihara alipofika. Mzee akatazama nguzo ya ghala, akamtazama Wakonyo, na akauliza kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikika mbali.

"Kwani leo hukumfunga?"

Watu walikuwa wamejaa. Hakuna aliyeshangaa na swali. Wakonyo alizungusha macho akaona nyuso za majirani zake, mmoja mmoja, na akaelewa kwamba walijua, wote, siku zote. Kisha akamwona Gakii amesimama nyuma yao na mkoba wake kifuani. Lakini hakuwa na nafasi ya kuogopa hilo, kwa sababu kijana mmoja alikuwa anaita kutoka bondeni kwamba ameona ndara ya mtoto kwenye nduma, yale magimbi yaliyo kando ya maji.

Walishuka wote. Ndara ilikuwa ya Munene, ya bluu, imekaa wima kwenye tope kana kwamba ameivua aingie nyumbani. Hatua chache mbele yake ndipo mto ulipopita. Vijana walikuwa wameshakata miti mirefu na walianza kuichomeka majini karibu na kingo, wakitafuta kwa ncha, wakiinua, wakichomeka tena. Wakonyo aliwatazama na akajua wanatafuta kitu cha namna gani. Hawatafuti mtoto anayetembea. Akapiga nduru nyingine, na hii haikuwa ya kuita mtu. Ilimtoka tu, na vilima vyote viwili vikaijibu mara moja, kwa nguvu zaidi ya mwanzo.

"Mzee," Gakii akamwambia Kihara. "Mzee, tafadhali. Waambie wanyamaze."

"Ati nini?"

"Wanyamaze. Wote. Na wa ng'ambo pia."

Kihara alimtazama kama mtu aliyetukanwa kwake. "Mtoto amepotea unataka tunyamaze? Huko kwenu Meru mtoto akipotea mnalala? Wewe si wa huku, daktari. Kaa kando." Akaweka filimbi mdomoni.

Gakii alikuwa anatetemeka. Wakonyo aliliona hilo vizuri, na lilimwogopesha, kwa maana alikuwa amedhani wasomi hawatetemeki. Msichana alimgeukia yeye, akasogea karibu mpaka miwani yake ikaingia ukungu wa pumzi zao.

"Mama Munene, unakumbuka ile maiki? Unakumbuka alienda wapi?"

"Chini ya meza."

"Alikimbia sauti. Sasa hizi kelele ziko juu huku kwenu, ziko juu kule ng'ambo. Zinashuka kutoka pande zote. Mahali haina watu wa kupiga kelele ni hapa chini tu, kwa maji." Akaonyesha mto kwa kidole. "Kila tukilia, tunamsukuma. Hata ukimwita jina hatakuja, ataenda mbali na wewe. Naweza kuwa nimekosea. Naogopa sana nisiwe nimekosea na tumepoteza wakati. Lakini nafikiri ni hivyo."

Wakonyo alimtazama mtu aliyekuja kumchukua mwanawe. Alitaka kumsukuma majini. Wakati huohuo aliona mguu wa Munene chini ya meza, na mkono wake mwenyewe umeushika, na sauti yake mwenyewe inayomwita, na mtoto anavyozidi kujibana ukutani. Nduru ya kwanza ilikuwa yake. Alikuwa ameitupa bondeni kwa nguvu zake zote, na mtoto alikuwa humo bondeni.

Kuna jambo moja ambalo Gakii hakulijua, na Wakonyo alilijua tangu utoto. Mama wa aliyepotea hanyamazi. Akinyamaza ni kwamba mwili umepatikana. Alipomshika Kihara mkono na kuishusha ile filimbi, na alipogeuka kuwatazama wanawake bila kulia, Watiri alijishika kichwa na kusema, "Ngai, Mungu wangu, amepatikana," na wanawake waliokuwa karibu wakaketi chini kwenye tope na kuanza kile kilio cha chini, cha msiba.

"Hajapatikana," Wakonyo akasema. "Nyamazeni. Ni mimi nasema. Mtoto ni wangu, na ni mimi nasema mnyamaze."

"Mama Munene, huyu msichana amekuchanganya—"

"Baba, nakuomba. Piga simu ng'ambo. Waambie wakae chini mahali wako. Mtu asiite. Hata kengele."

Kihara alimtazama, akautazama mto. Kisha, na hili ni lazima aheshimiwe kwalo maisha yake yote, alitoa simu kwenye koti na kumpigia shemeji yake wa ng'ambo. Ujumbe ukapanda mlima kwa mikono, kutoka mtu hadi mtu, kidole mdomoni. Debe likaacha. Kengele ikapiga mara nyingine kwa kuchelewa, halafu ikaacha. Vijana walitoa miti majini, wakachuchumaa. Kimya kikashuka, na kilikuwa kibaya kuliko kelele zote, kwa sababu sasa Wakonyo aliweza kuusikia mto.

Hakuna kilichotokea.

Alitazama nduma, majani makubwa yakidondosha maji. Alitazama nyasi ndefu za nepia ng'ambo. Gakii alikuwa ameuma midomo, na uso wake ulisema wazi kwamba hajui la kufanya baada ya hapo. Wakonyo alihisi nduru nyingine inakuja. Akaweka ncha ya leso mdomoni akaiuma. Na hapo, akiwa ameuma leso, likamjia lile karai lililokuwa mlangoni.

Akamvuta Kim akamnong'oneza. Kijana alipanda ule mteremko kwa miguu yake mirefu bila kusema neno, jambo ambalo kwake si dogo, akarudi amelikumbatia karai kifuani kama mtoto mchanga, na kikombe cha bati ndani yake. Wakonyo akaliweka kwenye nyasi pale gogo lilipoanzia. Akaketi.

"Mpe mgongo," Gakii akanong'ona.

"Mgongo upande gani? Sijui ako wapi."

"Basi angalia karai tu."

Akachota, akamimina. Maharagwe yaligonga bati kama mvua inapoanza kwenye paa, kisha yakatulia. Akachota tena. Mengine yalimwagika nyasini. Vilima vyote viwili vilikuwa vimejaa watu waliokaa, na hakuna aliyekohoa. Mbwa mmoja alitaka kubweka akashikwa mdomo. Akachota, akamimina. Aliomba, lakini sala haikuwa na maneno. Ilikuwa ni kuchota na kumimina. Alijiambia kwamba amwage mara moja tu tena, halafu atapiga kelele na liwe liwalo, akamwaga, akajiambia vilevile tena.

Gakii ndiye aliyeona kwanza. Wakonyo alihisi vidole vyake begani vikikaza.

Ng'ambo, nepia ilikuwa imetikisika pasipo upepo. Shati la kanisani likatokea. Munene alikuwa amelowa mpaka kifuani, mguu mmoja na ndara, mwingine mtupu, mikono bado iko masikioni. Alisimama pale pembeni mwa maji. Akashusha mkono mmoja. Akasikiliza. Halafu akapanda kwenye gogo.

Ngoja nikwambie gogo lile lilivyo. Ni mti mmoja, umechongwa kidogo juu, na wakati wa mvua watu wazima huvuka wakiwa wameshikana. Wakonyo alimwona mwanawe akiweka mguu mtupu mbele, akiweka ndara mbele ya mguu, juu ya maji yale mazito, na kila kiungo mwilini mwake kilitaka kuruka kumkimbilia. Kihara alikuwa ameshainuka nusu. Gakii alimshika koti, na mzee akaganda vilevile, goti moja juu.

"Usimwangalie," Gakii akasema, kwa sauti iliyokuwa pumzi tu. "Mimina. Mama, mimina."

Akainamisha kichwa. Hilo lilikuwa gumu kuliko kumzaa. Akaacha kumtazama mtoto wake akiwa juu ya mto uliojaa, akatazama maharagwe, akachota, akamimina. Alisikia mlio wa ndara ikiteleza kwenye mti uliolowa, na kutoka kwa watu ikatoka sauti ndogo, ya wanawake wengi wakivuta pumzi pamoja. Akachota. Hakuna kilichoanguka majini, au kama kilianguka hakukisikia. Akamimina. Mtoto alikuwa amesimama katikati kutazama maji, alijua bila kuona, kwa sababu alimjua. Palikuwa mahali pake pale pa kutulia. Kikombe kilikuwa tupu na karai lilikuwa limejaa, naye akachota upya na kumimina polepole kabisa, akiyavuta yale maharagwe yachukue muda, akimsihi kwa kitu pekee alichokuwa nacho mkononi.

Kisha tope likafanya sauti kando yake. Magoti mawili yaliyolowa yakashuka mbele ya karai, na mikono miwili midogo ikazama kwenye maharagwe mpaka viwikoni.

Alitaka kumkamata. Alitaka kumkaba, kumchapa, kumrudisha tumboni. Badala yake aliingiza mikono yake mwenyewe kwenye karai, polepole, chini ya maharagwe, ikakaa. Mtoto alikuwa anaguna wimbo wake ule usio na maneno. Huko chini, pasipoonekana, vidole vyake vya baridi vikagusa vya mama yake, vikapita, vikarudi, vikashika. Machozi ya Wakonyo yalianguka ndani ya maharagwe na hakutoa sauti yoyote.

Watu walianza kuondoka hivyohivyo, bila kuambiwa. Wanawake walivua viatu wakavishika mkononi wapande mlima bila kuchapa tope. Kihara aliitoa filimbi shingoni akaitia mfukoni, na akapanda kwa ncha za gambuti zake, mzee mzima, akiwaonyesha kidole mdomoni hata waliokuwa wamenyamaza.

Walipofika nyumbani, Munene akiwa amefungwa kwenye leso mgongoni na karai likiwa mikononi mwa Kim, Wakonyo aliona afadhali amalize kabisa. Hofu ya kunyang'anywa mtoto ilikuwa imerudi mara tu ile ya mto ilipotoka.

"Sasa utamchukua," akamwambia Gakii. "Uliona alama. Umesikia vile mzee amesema. Uite hao watu wako, lakini wakuje polepole. Wasimpigie honi."

Gakii alivua miwani. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nimchukue nimpeleke wapi, mama? Nani mwingine angemwaga maharagwe vile?"

"Mum, si tulikuja na gari imejaa," Kim akasema, na safari hii hakuwa na mzaha. "Kuna waya, kuna nguzo, kuna geti ndogo. Tulichanga sisi wenyewe. Gakii alisema uko na mtoto wa kukimbia na hauna fence. Tulikuja mapema ndio tumalize kabla mvua."

Wakonyo aliketi kwenye kizingiti na mtoto mgongoni. Alikuwa anaona fundo lililolowa, na meno yake yakilifungua ili wasilione, na wao huko juu barabarani wakishusha nguzo.

Watu waliokuwa wamepanda viatu mkononi walirudi na majembe. Waya ukateremshwa. Kihara alichukua uongozi, maana hakuna aliyewahi kuweza kumzuia, akasimama pembeni mwa uwanja akifumba jicho moja kupima mahali nguzo zitakaposimama.

"Hii mstari itaenda kombo," akasema kwa kunong'ona, kwa kuwa bado walikuwa wananong'ona wote. "Tunataka kamba ya kuvuta. Kuna mtu ako na kamba?"

Kazi ikasimama. Watiri akatazama chini. Mzee mwenyewe alitambua alichouliza, akaanza kukohoa. Wakonyo alimteremsha Munene, akamkalisha mbele ya karai lake, akamwekea Gakii mkono begani kumwonyesha mahali pa kukaa. Akaingia ghalani. Walimsikia akivuta gunia la mkaa. Alitoka na kamba mkononi mbele ya watu wote, haikuwa imekunjwa wala kufichwa, ikiburuta ncha yake uwanjani, akampa Kihara upande mmoja.

Upande wa pili aliushika mwenyewe, akaenda nao mpaka kona ya shamba, akauvuta. Mikono yake ilikuwa bado inatetemeka, na kamba ikatetemeka nayo tangu kona mpaka kona. Kihara alisubiri mpaka ikatulia, ndipo akainua jembe.